.375 H&H, .375 Ruger au .416: ipi ya kubeba kwenye miyombo ya Liwale?

Swali: Shikamoo mzee. Niko Liwale, nafanya kazi kama msaidizi wa mwindaji bingwa kwenye kampuni ya uwindaji wa kitalii. Nataka kuomba leseni ya raifo yangu mwenyewe kabla ya msimu. Nimeonyeshwa .375 H&H iliyotumika, .375 Ruger mpya, .416 Remington na .416 Rigby. Rafiki yangu ananiambia niache hizo zote, .300 Winchester Magnum inatosha. Zote ni magnamu (risasi zenye ganda kubwa na baruti nyingi), na kila mwenye yake anaisifia. Nichague vipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ya rafiki yako tuimalize kwanza. Kanuni za uwindaji za hapa kwetu zinataka kaliba (upana wa risasi kwa inchi) isiyopungua .375 kwa nyati, tembo na kiboko. .300 Winchester Magnum ni risasi nzuri, iko sokoni tangu 1963, inarusha kichwa, yaani kile kipande kinachoruka, cha greni 180 (gramu 11.7) kwa mita 900 hivi kwa sekunde, na ukimpiga kongoni, palahala au pofu nayo huna cha kulalamika. Lakini kazi yako siyo kongoni. Mteja akimjeruhi nyati saa kumi na moja jioni, wanaoingia kwenye majani kumtafuta ni bosi wako, traka (msoma nyayo), askari wa wanyamapori na wewe. Kwa kazi hiyo .300 haimo kisheria, na hata ingekuwamo nisingekushauri. Vivyo hivyo mtu asikuuzie 9.3x62 ya Kijerumani kwa maneno kwamba "ni sawa na tatu-saba-tano". Ni risasi ya heshima, Otto Bock aliitoa 1905 na walowezi wa enzi za Mjerumani waliipenda, ila kipenyo chake ni inchi .366. Usilipe hata shilingi kabla hujamuuliza afisa wanyamapori.

Zinabaki nne, na hapo ndipo watu wanapojichanganya kwa kuzipanga zote kwenye mstari mmoja. Wewe una maswali mawili tofauti. La kwanza ni .375 au .416, yaani kichwa cha greni 300 au cha greni 400. Hilo ni swali la mnyama na la bega lako. La pili ni ganda lipi, yaani ile shaba inayobeba baruti: H&H au Ruger kwa upande mmoja, Remington au Rigby kwa upande mwingine. Hilo nyati halijui kabisa. Ni swali la joto, la bolti (komeo linaloingiza na kutoa risasi), la duka na la mfuko.

Nianze na la pili, maana ndilo lenye maneno mengi mtaani.

.375 H&H ilitolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912. Ganda lake lina urefu wa milimita 72.4, limepungua unene taratibu kutoka kitakoni hadi begani, na bega lenyewe, pale ganda linapobana kuelekea shingoni, limelala, nyuzi 15 tu. Bega lililolala hivyo halishiki vizuri kwenye chemba (tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa), ndiyo maana wakaweka ule mkanda wa shaba juu kidogo ya kitako: mkanda ndio unaozuia risasi isizame kupita kiasi. Watu wengi wanadhani mkanda unaongeza uimara wa ganda. Hauongezi. Kazi yake ni kusimamisha risasi mahali pake, basi.

.375 Ruger ni ya 2007, kampuni za Ruger na Hornady ziliitengeneza kwa pamoja. Waliondoa mkanda, wakanyoosha ubavu wa ganda, wakasimamisha bega hadi nyuzi 30, na kulifupisha ganda hadi milimita 65.5. Kwa kuwa ganda limenenepa, linabeba baruti kidogo zaidi ya H&H ingawa ni fupi. Risasi nzima ina milimita 84.8 badala ya 91.4, kwa hiyo hutengenezewa bunduki yenye bolti ya urefu wa kawaida, kama ya risasi ya .30-06, wala haihitaji bolti ndefu ya magnamu.

Vichwa ni vile vile. Greni 300 ni gramu 19.4 kwa zote mbili. H&H inakitoa kichwa hicho kwa mita 770 hivi kwa sekunde, Ruger kwa mita 810 hivi. Ukipiga hesabu ya nishati mdomoni mwa mtutu unapata joule 5,750 kwa moja na 6,350 kwa nyingine, na muuzaji wa Ruger atakuonyesha tarakimu hizo kwa furaha. Sasa zipeleke porini. Ukiilenga bunduki iwe sawa kwenye mita 100, kwenye mita 200 H&H itakuwa imeshuka kama sentimita 16 na Ruger kama 14. Tofauti ni upana wa kidole kimoja. Na kwenye miyombo ya Liwale, nani anampiga nyati kwa mita 200? Huko mnampata kwa mita 40 hadi 80, mara nyingi chini ya hapo.

Tena kasi ya kwenye boksi hupimwa kwa mtutu mrefu, inchi 23 au 24. Bunduki nyingi za .375 Ruger huuzwa na mtutu mfupi wa inchi 20 kwa sababu unapendeza mkononi na hauning'inii kwenye vichaka. Kila inchi unayokata inakula mita 7 au 8 za kasi. Kata inchi nne na Ruger yako imeshakuwa H&H yenye kelele zaidi. Sisemi ni vibaya, bunduki fupi inayotembea kwa kasi ya H&H ni kitu cha maana. Nasema usilipie tarakimu ambazo mtutu uliomo mkononi mwako hauzitoi.

Kinachoamua kati ya hizi mbili ni mambo mengine. Risasi za H&H zinatengenezwa na karibu kila kiwanda kinachotengeneza risasi kubwa: Federal, Hornady, Norma, Remington, Winchester, Sellier & Bellot na wengine. Za Ruger unategemea zaidi Hornady. Ukiwa Marekani hilo halikupi shida. Ukiwa Liwale, unayetakiwa kuagiza kwa kibali kupitia muuzaji mwenye leseni Dar es Salaam, shehena moja ikichelewa una bunduki nzuri ukutani. Na kwenye kambi, wateja wengi wanaokuja na .375 huja na H&H; risasi zake zikipotea uwanja wa ndege, bunduki ya kampuni yenye kaliba ile ile huokoa safari. (Ila yasikuingie mawazo ya kubakiza risasi za mteja mfukoni. Risasi zinahesabiwa kwenye karatasi zake na zako. Zikihama, zihame kwa maandishi.)

Jambo jingine ni kutoka kwa ganda baada ya kufyatua. Ganda la H&H limechongoka, kwa hiyo likirudi nyuma hata milimita moja tu limeshaachana na kuta za chemba pande zote. Ganda lenye ubavu ulionyooka, kama la Ruger, linasugua kuta kwa safari ndefu zaidi. Chemba ikiwa safi huoni tofauti. Chemba ikiwa na vumbi la majivu ya pori lililochomwa Julai, au vidoa vya kutu vilivyoletwa na unyevu wa pwani, utaiona, na utaiona kwenye risasi ya pili.

Hapa niingie kwenye joto, kwa sababu kwa ukanda wetu ni jambo kubwa kuliko majina yote haya.

Baruti ikipashwa joto huungua haraka zaidi, na mgandamizo ndani ya chemba unapanda. Boksi la risasi lililoachwa kwenye dashibodi ya Land Cruiser iliyofungwa vioo, saa nane mchana, linapita nyuzi 60 za Selsiasi bila taabu. Kiwanda kimeacha nafasi ya usalama, kwa hiyo bunduki haitapasuka mkononi. Tatizo linaanza kidogo kidogo. Kwanza mkono wa bolti unanyanyuka kwa ugumu, unaupiga kwa kiganja ndipo uende. Ukiokota ganda utaona fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), ambayo kabla ya kufyatua kingo zake zilikuwa na mviringo, sasa imelala bapa na kujaza shimo lake lote. Kwenye kitako, juu ya maandishi, pana doa dogo la duara linalong'aa: hapo shaba imesukumwa ikaingia kwenye tundu la pini inayorusha ganda nje. Ukiona doa hilo, siku hiyo usiendelee na risasi zilizopashwa joto. Zirudishe kivulini, acha zipoe, jaribu tena kesho asubuhi. Zikionyesha dalili ile ile zikiwa za baridi, basi kosa ni la risasi au la chemba, peleka bunduki kwa fundi mwenye leseni.

Na ndiyo sababu ya ukubwa wa .416 Rigby. John Rigby & Co. waliitoa 1911, wakati baruti ya Waingereza ilikuwa kodaiti, ambayo ilikuwa na tabia mbaya sana kwenye nchi za joto. Wakachagua ganda kubwa kupita mahitaji ili kasi inayotakiwa ipatikane kwa mgandamizo mdogo. Kiwango cha juu cha mgandamizo cha Ulaya kwa Rigby ni bar 3,250, wakati .416 Remington na .375 H&H zinaruhusiwa hadi bar 4,300. Remington Magnum ni ya 1988. Walichukua ganda la 8mm Remington Magnum wakalipanua shingo lichukue kichwa cha .416. Matokeo mdomoni mwa mtutu ni yale yale: gramu 25.9 (greni 400) kwa mita 730 hivi kwa sekunde, karibu joule 6,900. Moja inafika hapo kwa ganda kubwa lisilojikaza, nyingine kwa ganda dogo linalofanya kazi kwa nguvu zote.

Kwa hiyo Rigby ni bora kwa Liwale? Kama ingekuwa ni joto tu, ndiyo. Lakini kitako cha ganda lake kina kipenyo cha milimita 15 na risasi nzima ni milimita 95. Bolti inapaswa kuwa kubwa na ndefu, bunduki inakuwa nene kiunoni, magazini yenye risasi nne inashuka chini sana au inabaki na tatu. Bunduki na risasi zote mbili ni ghali kuliko za Remington. .416 Remington hutengenezewa bunduki yenye bolti ya urefu ule ule wa .375 H&H, kwa sababu urefu wa risasi ni ule ule, milimita 91.4. Baruti za kisasa nazo hazina kigeugeu kama kodaiti. Risasi ukizitunza kivulini, hoja ya joto dhidi ya Remington inapungua mno. Kati ya hizo mbili, mtu wa mshahara achukue Remington. Rigby aachiwe anayependa bunduki yenye historia na anayemudu kuilisha.

Onyo moja, kwa sababu kambini bunduki huwa nyingi: .416 Remington, .416 Ruger na .416 Rigby haziingiliani hata kama vichwa vinafanana. Ya Remington ikitumbukizwa kwenye chemba ya Rigby inacheza humo kama mtoto ndani ya koti la baba, na ikifyatuka ganda litapasuka. Soma maandishi kwenye kitako cha kila risasi unapojaza mkanda wa kiunoni, siyo kwenye boksi.

Sasa lile swali lenyewe: .375 au .416?

Eneo la tundu linalotobolewa na .416 ni kubwa kwa asilimia 23 kuliko la .375. Uwiano wa uzito na kipenyo, ambao ndio unaoamua kichwa kitazama kiasi gani, ni .305 kwa .375 ya greni 300 na .330 kwa .416 ya greni 400. Zote zinatosha kumpitia nyati aliyesimama ubavu, kutoka bega hadi bega, kama kichwa ni cha maana. Akipigwa mahali pake, yaani theluthi ya chini ya mwili, kwenye mstari wa mguu wa mbele, hakuna mtu atakayesimama pembeni akakwambia hiyo ilikuwa .375 au .416. Akipigwa tumboni, .416 haimrudishi. Tofauti inakuja pale anapokujia uso kwa uso kwenye mita kumi, au anapokimbia akiwa amekupa makalio na lazima risasi ipenye kutoka nyuma hadi kifuani. Hapo uzito wa ziada una kazi, na mwindaji bingwa anayelipwa ili awe risasi ya pili ana haki ya kuutaka.

Bei yake ni teke, yaani bunduki inavyokurudia begani. Nimekupigia hesabu kwa bunduki yenye kilo 4.5 pamoja na darubini, risasi za kawaida za kiwandani. .375 H&H inarudisha joule 50 hivi begani. .375 Ruger inakaribia 58. .416 Remington inafika 72 na Rigby 80, maana baruti ya ziada nayo ina uzito wake. Kwa kulinganisha, .300 ya rafiki yako kwenye uzito huo huo ni 36. Watu wengi wenye mwili wa kawaida huizoea .375 kwa mazoezi ya kiasi. Kwenye .416 idadi inapungua sana, na asiyeizoea anafumba macho kabla ya kufyatua bila yeye mwenyewe kujua.

Jipime kabla hujanunua. Mwombe mwenzako mwenye .416 mwende uwanja wa shabaha. Yeye akujazie chemba wewe ukiwa umegeuza uso: mara risasi halisi, mara risasi ya bandia isiyo na baruti, kwa mpangilio usioujua. Atazame mdomo wa mtutu. Ikiwa kwenye risasi ya bandia mdomo unadidimia au bega lako linasogea mbele, umeshaanza kuiogopa. Piga ukiwa umesimama kwenye miti mitatu ya kuegemea, siyo umekaa mezani. Mezani mwili hauna pa kurudi na teke lote linaishia begani. Risasi nane kwa siku zinatosha. Ya tisa inafundisha uoga.

Na usidanganywe kufunga kile kifaa chenye matundu mdomoni mwa mtutu kinachopunguza teke. Kinapunguza kweli, ila mlio unarudi pembeni na nyuma, na pembeni yako yupo traka. Masikio yake ndiyo yanayosikia nyati akihema kwenye majani kabla wewe hujaona kitu.

Utaulizwa pia kuhusu .458, kwa hiyo niiseme kwa ufupi. .458 Winchester Magnum ilitoka 1956, greni 500 kwenye ganda fupi la milimita 63.5. Ganda lilikuwa dogo kwa kazi hiyo. Baruti ilishindiliwa, na risasi za miaka ile zilizokaa muda mrefu ziliganda ndani na kupiga kwa udhaifu. Jack Lott, Mmarekani aliyeumizwa na nyati ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, mwaka 1959, ndiye aliyelirefusha hadi milimita 71 na kupata .458 Lott: greni 500 kwa mita 700 kwa sekunde. Risasi za leo za .458 Winchester hazina ugonjwa ule. Lakini Lott kwenye bunduki ya kilo 4.5 ni joule 94 begani, na kwenye mita 200 hata .458 ya kawaida inashuka kama sentimita 30. Ni bunduki ya mtu mwenye bunduki nyingine. Wewe unanunua moja.

Ndiyo maana jibu langu kwako ni .375 H&H. Inakidhi kanuni kwa wanyama wote wakubwa, inampiga tandala wa mita 150 bila kubahatisha, risasi zake ndizo zenye nafasi kubwa ya kupatikana, na teke lake linakuacha ufyatue mara ya pili macho yakiwa wazi. Ukishapata cheti cha uwindaji bingwa na ukawa wewe ndiye unayetangulia kwenye majani, .416 Remington itakuwa hatua ya maana, na mikono yako itaijua tayari kwa sababu bolti ni ya urefu ule ule. .375 Ruger ningeichukua kwa sharti moja: muuzaji akuoneshe risasi zake dukani leo, laini na ngumu (nitazieleza chini), za kukutosha misimu miwili kadiri leseni inavyoruhusu. Akisema "zinakuja", mwachie.

Umesema H&H unayoonyeshwa imetumika. Hilo halinitishi, ila ikague hivi. Toa bolti, piga tochi kutokea nyuma, tazama chemba kwanza. Watu hutazama mifereji ya mtutu, lakini kwenye ukanda wa Lindi na Kilwa kutu huanzia chembani, ambako kitambaa cha kusafishia hakifiki vizuri. Vidoa vidogo vinavyohisika ukipitisha kijiti cha mbao maana yake maganda yatakwama. Kisha tazama kucha inayovuta ganda. Ile ndefu ya mtindo wa Mauser, inayoshika kitako cha risasi tangu inapotoka kwenye magazini, ndiyo ya kutafuta, kwa sababu hata ukisita katikati ya mwendo risasi haidondoki wala bolti haichukui mbili kwa pamoja.

Jaza magazini kwa risasi za bandia zenye urefu kamili. Zipitishe polepole, halafu kwa kasi, halafu bunduki ikiwa imelala ubavu. Kila moja iingie bila pua kugonga ukingo wa chemba. Kosa la kawaida kwenye bolti ndefu kama hii ni la mtumiaji: anavuta haraka lakini hafiki mwisho, ganda linatoka, risasi inayofuata haichukuliwi, na bolti inafunga chemba tupu. Unabonyeza triga unasikia "tak". Zoea kuivuta hadi igonge kizuizi chake, kila mara, hata ukiwa unafanya mazoezi sebuleni na risasi za bandia.

Ukiweza kufyatua kabla ya kulipa, piga risasi tatu, okota maganda, na upitishe ukucha juu tu ya mkanda. Mstari mwembamba unaong'aa kuzunguka ganda zima mahali hapo unaonyesha shaba imevutika, yaani chemba ina nafasi kupita kiasi. Risasi mpya ikionyesha hivyo, bunduki hiyo siyo ya kununua. Halafu ifungue kitako cha mbao utazame nyuma ya kile kitalu cha chuma kinachopokea teke. Ufa wowote hapo, hata wa unywele, utakua. Mbao nayo inavimba masika na kuubana mtutu, shabaha inahama. Pitisha karatasi kati ya mtutu na mbao kuanzia mbele, iteleze hadi karibu na chemba.

Darubini iwe ya nguvu ndogo, 1 hadi 4 au 1 hadi 6, kwenye vishikizo vinavyofunguka kwa mkono, na vilengeo vya chuma viwepo chini yake vikiwa vimelengwa tayari. Jicho liwe na nafasi ya sentimita 9 au zaidi kutoka kwenye kioo, la sivyo utapata alama juu ya nyusi. Ilenge mita 100. Kwa kichwa cha greni 300, ikiwa sawa kwenye 100 inakuwa sawa kwenye 50 pia, na kwa msitu wetu hesabu imeisha.

Risasi nunua za aina mbili. Laini, zile ambazo kichwa chake ni madini ya risasi yaliyogandishwa na gamba la shaba, au ni shaba tupu inayofunguka, kama Swift A-Frame au Barnes TSX, kwa risasi ya kwanza ya nyati na kwa wanyama wote wa nyama. Ngumu, zisizofunguka, kwa tembo, kwa kiboko aliye nchi kavu, na kwa risasi za kufuatia nyati anayekimbia. Laini za bei rahisi zinazopasuka mapema waachie swala. Ukiweza pata zote za toleo moja, namba yake ipo kwenye boksi. Zijaribu zote kwa mita 50 kwenye karatasi moja: laini tatu, ngumu tatu. Makundi mawili yakitofautiana chini ya sentimita 5, umemaliza. Yakizidi hapo, badilisha chapa ya ngumu, maana laini ndizo utakazozitumia zaidi.

Risasi zisilale kwenye mkanda wa ngozi. Dawa ya kulainishia ngozi hula shaba, inaota kijani, na kile kijani kinaingia nazo chembani. Mkanda uwe wa kitambaa, na usiku zirudi kwenye boksi kavu. Mafuta ya bunduki weka mtutuni na kwenye bolti kwa kitambaa chenye unyevu tu. Chemba ifutwe ikauke kabisa kabla ya kutoka kambini. Chemba yenye mafuta hairuhusu ganda kushika kuta, nguvu yote inarudi kwenye bolti. Na mafuta yakichuruzika hadi kwenye fataki, ipo siku haitawaka.

Mwisho ni karatasi. Leseni inataja kaliba na namba ya bunduki, kwa hiyo usilipe kwanza ukaomba baadaye. Mwombe muuzaji akuandikie barua yenye kaliba kamili, ".375 H&H Magnum", siyo ".375" peke yake, maana .375 Ruger nayo ni .375 na karani hatajua tofauti. Barua hiyo ndiyo uende nayo polisi wilayani.